Upande wa Pili wa Kanda

 

Mimi ni mkazi wa Mabatini, hapa Mwanza, na jina hilo peke yake linatosha kukueleza taabu ya kwanza ya mpenda muziki wa kwetu. Nyumba zimepandana mlimani, hii imeegemea jiwe, ile imekaliwa na jiwe, na nyingi zina bati bila dari. Mvua ikija na upepo wa ziwani, redio huisikii hata ukiibana sikioni. Unabaki kuitazama taa yake nyekundu. Ila ndipo unapoijua albamu unayoipenda kweli: mvua ikikatika, unakuta wimbo umefika ubeti wa tatu, na wewe kichwani mwako umefika hapo hapo, hukuachwa nyuma hata pigo moja.

Wenye kipindi hiki cha redio cha Jumapili asubuhi wameniomba nije nitoe maoni ya msikilizaji kuhusu albamu, za muziki wa kila aina. Nikawauliza, kwa nini mimi, mtu nisiyejua kushika hata filimbi? Wakasema wamesikia habari za kibanda changu. Basi nianze na kibanda, maana maoni yangu yote yametoka humo.

Kuanzia katikati ya miaka ya tisini nilikuwa narekodi kanda. Deki mbili zimeunganishwa kwa waya, spika moja imetazama barabarani, kava za kanda zimebandikwa ukutani hadi juu. Mteja anakuja na kanda tupu, ya dakika 60 au 90, anataja nyimbo anazotaka au albamu nzima, jioni anaifuata. Wateja wangu wakubwa walikuwa madereva na makonda wa vipanya, wavuvi wanaohamia visiwani kwa miezi, na akina dada wa saluni. Leo kazi ile inaitwa wizi wa kazi za wasanii, na sibishi. Sheria ya Hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, na mwaka huo huo deki zangu zilikuwa zinazunguka kama kawaida. Wapo wanamuziki nitakaowasifu asubuhi hii ambao nilikula jasho lao. Sifa zenyewe wazihesabu kuwa deni lililoanza kulipwa, ingawa najua hazinunui unga.

Sasa, kanda ina siri moja ambayo vijana wa simu hawaijui. Ina pande mbili lakini utepe ni mmoja. Mahali unapoanzia upande A ndipo unapoishia upande B. Mwanamuziki anaweka wimbo wake mkali mwanzo wa upande A, watu wanaupenda, wanaurudisha kwa kalamu ya Bic ili mawe ya redio yasiishe, wanaurudisha tena, utepe unasuguka pale pale. Baada ya miezi sita, wimbo wa mwisho wa upande B unaanza kukoroma. Hakuna aliyeugusa. Ameuharibu mwenzake wa upande wa pili kwa kupendwa mno. Nimeyaona haya mara nyingi hata nikaacha kuuliza mteja anasikiliza nini. Kanda ikiletwa kutengenezwa nilitazama karatasi iliyobandikwa juu yake: herufi ipi imefutika kwa kidole gumba, A au B? Albamu nyingi zilikuja na A iliyofutika na B inayong'aa kama imetoka dukani jana. Albamu chache zilikuja herufi zote mbili zimekufa. Na hizo chache ndizo nilizokuja kuzisema.

Ya kwanza ni Maria Salome ya Saida Karoli. Ilitoka mwaka 2001, chini ya FM Productions. Binti wa Bukoba, anaimba Kihaya, na sisi Wasukuma wa Mabatini hatukujua Kihaya zaidi ya salamu tulizozipata melini. Lakini nakwambia, mwaka ule nilirekodi kanda ile mpaka hedi ya deki ikawa nyeusi kama sufuria ya mama ntilie. Nilikuwa naifuta kwa pamba na spiriti kila baada ya nakala tatu. Waliokuwa wakipanda meli ya Bukoba waliichukua, na waliokuwa wakishuka kutoka huko waliichukua vilevile, kitu ambacho kilinichekesha: unatoka kwenye chemchemi, unakuja kununua maji mjini.

Watu wengi waliukumbuka wimbo mmoja tu, Maria Salome wenyewe, na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipoutia vyombo vipya na kuuita Salome, wajukuu wakadhani umezaliwa siku hiyo. Sina ugomvi na toleo lile, limetengenezwa vizuri na limemrudisha mama yule midomoni mwa watu. Ila ukisikiliza la pili peke yake hutajua kwa nini la kwanza lilidumu. Lilidumu kwa sababu lilikuwa na nafasi ndani. Ngoma inapiga, kisha inanyamaza kidogo, na katika kunyamaza kule unasikia sauti ya Saida inapanda peke yake, nyembamba, haina haraka. Kanda nzima imekaa hivyo. Hata usipojua maneno unajua kuwa huyu anabembeleza, huyu anasimulia, hapa anamcheka mtu. Mama mmoja jirani yangu, Mkerewe, aliniambia kuwa upande wa pili ndio wa kupikia. Nikamuuliza maana yake nini. Akasema, upande wa kwanza unanisimamisha nicheze, chakula kinaungua. Wa pili unaniacha nikoroge. Sijasoma uchambuzi wa muziki uliouzidi ule.

Nikirudi nyuma zaidi ya kanda, kuna santuri. Baba yangu mdogo alikuwa na gramafoni na sanduku la zile sahani ndogo, za mizunguko 45. Hapa niseme jambo ambalo wengi wanalisahau tunapozungumza albamu: wakubwa wetu wengi wa dansi hawakutoa albamu kwa maana tunayoijua leo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi iliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikabaki kwenye tepu za redio, au ikavuka kwenda Nairobi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 hata njia hiyo ikawa ya miiba hadi 1983. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, wengi tumemjua kwa mfululizo wa Ukumbusho, nyimbo zilizokusanywa na kupangwa na watu wengine. Kwa hiyo mtu akikuuliza albamu bora ya Mbaraka, unamjibu nini? Utataja mkusanyo. Ni kama kuulizwa barua bora ya marehemu ukaonyesha bahasha iliyofungwa na ndugu.

Lakini ile santuri ndogo ilikuwa na hekima yake. Wimbo mmoja uligawanywa pande mbili. Upande wa kwanza mwimbaji anakueleza shida yake: kaachwa, kafukuzwa kazi, kasingiziwa. Unapindua. Upande wa pili maneno yameisha, sasa ni chemko: magitaa yanajibizana, tarumbeta kama zipo zinaingia, na mchezaji aliyekuwa ameketi kwa heshima anavua koti. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walioanzisha Simba Wanyika nchini Kenya, waliujua ufundi huo, na watoto wa bendi ile waliojitenga wakawa Les Wanyika waliujua zaidi. Uchukue Sina Makosa. Redio nyingi zikikupigia wimbo ule zinakatiza gitaa la kati linapoanza kutembea, ili matangazo ya sabuni yaingie. Naomba radhi kwa wenyeji wangu wa asubuhi hii, nanyi mnafanya hivyo.

Na wa ziwa hili hili hasa, ambaye nashangaa hapa Mwanza hatumtaji vya kutosha, ni D. O. Misiani. Watu wanamwita Mkenya kwa sababu alirekodia Kenya na akafia Kisumu, ajali ya barabarani, Mei 2006. Lakini kazaliwa Shirati, mkoani Mara, na bendi yake akaibeba na jina la kwao: Shirati Jazz. Mfalme wa benga ametoka upande wetu wa mpaka! Nilimfahamu kupitia vijana wa Rorya waliokuwa wakipakia dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Walileta kanda moja imeandikwa kwa mkono, inanuka samaki hata nikaogopa kuitia mashineni. Baadaye sana niliikuta mikusanyo yake iliyotoka Uingereza mwaka 1989, mmoja unaitwa Benga Blast. Ni mizuri, ina kava ya rangi. Kasoro yake ni kuwa imepanga nyimbo za kasi ile ile, moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo ukifika ya sita miguu imechoka na sikio limelala. Benga haikukusudiwa kusikilizwa hivyo. Unaweka sahani moja, unacheza pande zote mbili, unakunywa maji, unasalimia watu, halafu ya pili. Sijui Kijaluo, lakini niliwauliza wale vijana maana ya maneno, wakaniambia mzee anasema siasa kwa mafumbo. Fumbo linahitaji muda wa kupumua baada yake.

Nije kwa Remmy Ongala, na hapa nitakaa kidogo. Kazaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akawa na Super Matimila, na tukamwita Doktari. Mwaka 1989 ilitoka Songs for the Poor Man, iliyorekodiwa Uingereza katika studio ya Real World, ile ya Peter Gabriel. Jina la albamu ni la Kiingereza, maana yake nyimbo za maskini. Maskini mwenyewe hakuiona. Mimi niliiona kwa bahati, miaka mingi imepita, kwa mgeni mmoja aliyekuwa akifundisha hapa mjini. Alipokuwa akifungasha kurudi kwao aliniachia sidii yake. Sikuwa na mashine ya sidii. Niliazima, nikakaa usiku, nikasikiliza.

Mara ya kwanza iliniudhi. Ilikuwa safi mno. Kila gitaa limekaa chumbani kwake, limefunga mlango. Remmy niliyemzoea alikuwa wa kanda za ukumbini, watu wanapiga miluzi, chupa zinagongana, besi inavuma kama lori linapanda Mabatini. Nikasema, wamemwogesha mzee wa watu mpaka harufu yake imetoka.

Kisha ikanibidi niihamishe kwenye kanda ili niiuze, na hapo pakatokea jambo. Sidii haina pande. Ni mimi niliyetakiwa kuamua ikatwe wapi. Nikajaribu, nikabadilisha, nikajaribu tena, na mwishowe nikauweka Sauti ya Mnyonge mwanzo wa upande wa pili. Nilipopindua na kuusikia ukianza baada ya ule ukimya wa sekunde chache, mkwaruzo wa utepe, halafu yeye, ndipo nilipoelewa wale Waingereza walifanya nini. Walimwondolea kelele ili asikike anavyosema. Kumbi zetu zilimpa jasho lakini maneno nusu yalizama. Kwa hiyo nimebadili msimamo, na nautangaza hapa redioni: ni albamu kubwa, ila isikilizwe kwa mpangilio wa Mabatini. Ile iliyofuata, Mambo, ya 1992, siipi nafasi hiyo. Humo ameimba Kiingereza kwa ajili ya wageni, na unamsikia anavyokanyaga kwa tahadhari kama mtu aliyeazima viatu.

Na kwa wale watakaonihukumu kwa kurudufu: wimbo wake wa soksi, uliohimiza kondomu wakati UKIMWI unatumaliza na wengi hawataki hata kuutaja, redio haikutaka kuupiga. Ulifika visiwani kwa kanda. Waliofikisha walikuwa watu wa aina yangu. Sisemi kosa likawa halali, nasema tu ulifika.

Bongo Fleva. Hapa madereva wa vipanya ndio waliokuwa mahakimu, na hakimu yule anataka kitu cha dakika nne kati ya Mabatini na mjini. Ndiyo maana kanda nyingi za kati ya mwaka 2002 na 2007, nitawasitiri wenyewe, zilikuwa wimbo mmoja na maji ya kuongezea mchuzi. Mteja ananiambia, fundi, nirekodie ule tu, mara kumi, upande mzima. Nimefanya hivyo kweli. Kanda ya wimbo mmoja mara kumi.

Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay ilikataa kutendewa hivyo. Ilitoka mwaka 2001, yeye akiwa ametoka katika kundi la Hard Blasters. Ukiisikiliza kuanzia mwanzo ni kama umekaa baraza la mtaa: anasimama huyu analalamika, anasimama yule anajisifu, halafu anaingia mgombea na ahadi zake katika Ndiyo Mzee, na wananchi wanaitikia. Msimuliaji ni mmoja lakini unahesabu watu kumi na tano. Nilikuwa na mteja mwalimu ambaye alirudi kuirekodi mara ya tatu. Ya kwanza iliibwa, ya pili aliisikiliza hadi ikakatika. Mwaka 2015 Jay mwenyewe akachaguliwa mbunge wa Mikumi. Nilitamani sana kumwona yule mwalimu siku ile, nione uso wake.

Na Fid Q wetu, Ngosha, mtoto wa Mwanza. Nampenda kwa damu, kwa hiyo maoni yangu yapunguzeni robo. Albamu yake ya kwanza aliiita Vina Mwanzo, Kati na Mwisho. Anayejua shairi la Kiswahili anajua tuna vina vya kati na vina vya mwisho. Kijana akaona havimtoshi, akadai na mwanzo. Ndivyo ilivyo yote: imejaa, imekazwa, haina upenyo hata wa kupitisha sindano. Kwenye kipanya haikufaa kabisa, konda anaita vituo na Fid anaita vina, abiria anashuka kusiko. Ni albamu ya kusikiliza usiku umelala chali. Propaganda ya mwaka 2009 ina hewa zaidi, lakini ilinikuta kanda zinakufa, watu wanakuja na flashi. Niliinakili kwa kompyuta ya kuazima, kwa sekunde chache, bila kusikia hata neno. Hapo ndipo kazi yangu ilipoisha, kwa kweli, ingawa kibanda kilisimama miaka miwili mingine.

Kwaya niliziogopa kwanza. Ukirekodi kwaya kwa wizi, mnunuzi ni shemasi, unamtazamaje? Lakini nakiri kuwa watu waliokuwa wakijua kupanga kanda ni wanakwaya. AIC Makongoro Vijana, hapa hapa Mwanza, walipokutolea kanda ulijua wamekaa na kuifikiria: hapa toba, hapa onyo, hapa shangwe, hapa kuaga. Haikupangwa kwa ajili ya kipanya, ilipangwa kwa safari ya mtu mzima kutoka kuanguka hadi kusimama. Lawama yangu ni moja. Siku hizi magitaa yamepungua, kinanda kimoja cha umeme kinapiga besi, ngoma, zumari na malaika wote. Kwaya ya watu arobaini nyuma ya kinanda cha mtu mmoja ni kama harusi nzima kupanda bajaji.

Taarab nitaipitia haraka, si kwa dharau, ni kwa kuwa sisi wa bara tuliipata kupitia vyumba vya akina mama. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ipo tangu 1905, na nyimbo zake ndefu zinataka mtu aliyekaa na kahawa. Zilizouzika kibandani kwangu zilikuwa za rusha roho, East African Melody na wenzao, na kila kanda ilinunuliwa kwa ajili ya jirani fulani asikie. Hapo upande A au B haukujalisha. Kilichojalisha ni spika imeelekezwa dirisha lipi.

Za nje ya kwetu nitataja mbili. Prisoner ya Lucky Dube, ya mwaka 1989: sijawahi kuona kanda iliyopendwa na waendesha baiskeli za abiria kuliko ile, na habari za kupigwa kwake risasi Johannesburg, Oktoba 2007, zilipofika, walisimama pale kituoni kimya kama wamefiwa na mwenzao wa zamu. Upande wake wa pili haudondoki. Nyingine ni ile ya Krismasi ya Jim Reeves, ya 1963. Inapigwa Desemba kila mwaka, na Mzee mmoja wa kwetu anasema bila Jim Reeves wali hauivi.

Nilikuwa sipendi kuzungumzia ngoma za Kisukuma katika habari za albamu, kwa sababu sijasikia kanda iliyoweza kuibeba bugobogobo. Unasikia ngoma, huoni majembe. Lakini nikiwa nawaza juu ya maneno ya leo nilikumbuka Bujora, siku za sherehe ya Bulabo, mwezi wa Juni. Vyama viwili vya ngoma vinashindana: Bagika wanacheza upande huu wa uwanja, Bagalu upande ule, kwa wakati mmoja, kila mmoja na dawa zake na vituko vyake, huyu na fisi, yule na chatu. Hakuna refa wa kupiga filimbi. Anayeshinda ni yule ambaye watu wamejaa kwake. Unaona umati unayumba, unahama, unarudi. Baba yangu alikuwa wa Bagalu, na alinifundisha kitu: mjanja anaficha kilicho bora hadi umati wa mwenzake uchoke. Ukikitoa mapema watakuja wote, watakiona, na watarudi walikotoka. Wasanii wanaoanza na wimbo mkali wangeshindwa vibaya sana pale Bujora.

Hii ndiyo sababu A Boy from Tandale ya Diamond, ya mwaka 2018, haikunikaa. Kijana ana kipaji, hilo halina mjadala. Lakini mle ndani yumo Ne-Yo, yumo Rick Ross, yumo Omarion, na nyimbo nyingine tulishazizoea kabla albamu haijatoka. Ni harusi ya tajiri: wageni wakubwa, magari mengi, na ukirudi nyumbani hukumbuki bwana harusi alivaa nini.

Sasa mnishangae. Mpwa wangu, anayesoma hapa mjini, aliniletea singeli kwenye simu yake. Albamu inaitwa Sounds of Sisso, ya mwaka 2017, kazi za vijana wa studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Walioitoa ni Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ng'ambo ya ziwa letu hili, na kutoka huko ikapigwa Ulaya kabla wengi wetu hatujajua ipo. Nilipoisikia nilimwambia, mjomba, simu yako ni mbovu, inakimbia. Zamani deki ikitiwa umeme mwingi ilifanya vile vile, hata mwimbaji wa dansi Marijani Rajab akaimba kama mtoto wa chekechea. Akacheka, akasema ndiyo kasi yake, mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika.

Nilimwomba aniachie simu. Nikaisikiliza yote, kwa mpangilio, nimekaa. Dagaa kwenye kikaango chenye moto mkali, ndivyo inavyoanza, na nilitaka kuizima. Lakini baada ya muda sikio likazoea, na ndani ya ule mrindimo nikaanza kusikia vipande vya taarab vimekatwakatwa, kinanda cha rusha roho kimekamatwa mkia na kuzungushwa. Nyimbo za mwisho zilinishika zaidi ya za mwanzo. Nikamwita mpwa wangu, nikamuuliza, hizi za mwisho umezisikia? Akasema hajafika huko. Ana albamu ile mwaka mzima. Hajafika huko!

Simlaumu sana. Kwenye simu hakuna cha kupindua. Anagusa, wimbo unaruka, anagusa tena. Wimbo wa mwisho haukoromi kwa sababu ya wa kwanza, ni kweli. Unakaa mzima, safi, miaka yote, na hakuna aliyeuamsha.

Muda wangu unakwisha, fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Nilikuwa nimepanga kuwaachia kitu. Nimekuja na kanda ya Maria Salome, ile niliyojiwekea mwenyewe, halisi, ya kununua, msicheke, herufi zote mbili hazisomeki. Nilitaka tusikilize upande wa pili, wote, bila tangazo. Nilipofika mapokezi nikampa kijana wa studio. Akaigeuza, akazitazama tundu zake, akaniuliza kwa adabu kabisa: baba, inaingia wapi?

Studio nzima hii haina deki. Ya kwangu ipo nyumbani, inawaka, ila belti imelegea, na ile niliyokata kwenye mpira wa baiskeli inamfanya Saida aimbe kwa sauti ya kiume. Wamenikubalia nirudi Jumapili ijayo. Kwa hiyo mwenye deki mbovu ndani ya nyumba, iliyobaki na belti nzima, usiitupe wala usimpe muuza vyuma chakavu. Niletee Mabatini, ukipita kituoni panda ngazi za mawe, uliza fundi wa kanda. Wenye umri wangu watakuonyesha.